Amesema Ameanguka

Kwa Kisomali ni maneno mawili tu: waan dhacay. Nimeanguka. Kaa asubuhi moja kwenye benchi la kasualti, hospitali yoyote kutoka Garissa hadi Mandera, na utayasikia kabla ya chai ya saa nne. Mama mwenye jicho lililofura ameanguka. Msichana anayeshika mbavu kila akivuta pumzi ameanguka. Kuna waliopigwa teke na punda, na nimewahi kumsikia mmoja aliyegongwa na mlango, na nyumba yao naijua: ni ya miti na mikeka, mlango wake ni pazia.

Daktari anaandika. Anaagiza picha, anaandika dawa ya maumivu, anaita anayefuata.

Tafadhali usianze kumchukia huyo daktari. Kwanza pengine si daktari, ni afisa wa kliniki, ila huku kila mwenye koti jeupe tunamwita daktari. Pili, foleni iliyo nje imefika hadi kwenye geti. Tatu, na hili ndilo lililonikalisha chini kuandika, kati yake na huyo mama kuna mtu wa tatu ambaye mabango ya ukutani hayamtaji. Mkalimani.

Daktari ametoka Kitui, Bungoma au Nyeri. Mama ametoka Fafi na Kiswahili chake kinaishia "habari" na "bei gani". Sasa nani atasema? Hospitali nilizozizoea mimi hazina mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, kwa hivyo ni yeyote aliye karibu: askari wa geti, mama anayepiga deki, mtoto wa darasa la sita aliyeandamana na mamake. Mara nyingi ni yule aliyemleta mgonjwa. Na nani humleta mwanamke hospitali? Mume. Mama mkwe. Shemeji. Yaani swali la daktari, "umeumia vipi?", linapita kwanza mdomoni mwa aliyemuumiza, au wa mamake, kisha jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Umeshawahi kuona mshtakiwa akiwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe? Huku tunaona kila Jumatatu.

Mimi nilianza kutafsiri hospitali nikiwa na miaka kumi, nikisimama kati ya nyanya yangu na daktari wa macho. Nilizaliwa Bulla Iftin, nikapelekwa bweni Machakos, nikarudi na Kiswahili kilichonoga na lafudhi ambayo binamu zangu wanaichekelea hadi leo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo. Tangu hapo naishi kwa kuandika hapa na pale, na kwa kazi moja isiyo na jina zuri: mashirika na watafiti hurekodi mahojiano kwa Kisomali, mimi huyasikiliza na kuyageuza maandishi, nalipwa kwa dakika ya sauti. Dakika moja ya mtu anayelia huchukua nusu saa kuandika. Malipo ni yale yale.

Kwa hivyo mtaani najulikana. Mtu akiwa na barua ya mahakama, fomu ya NHIF (siku hizi SHA, Mungu atusaidie) au mgonjwa, wananigongea. Siku hizi sijui kama mimi ni mwandishi anayetafsiri au mkalimani anayeandika.

Turudi kwa hao madaktari, kwa sababu mimi huwatetea kwenye mabishano ya chai na sitawaacha hapa. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera wakaua abiria 28. Siku kumi baadaye wakaua wachimba mawe 36. Vyama vya wafanyakazi viliwaambia walimu na wahudumu wa afya waliotoka bara waondoke, na wengi waliondoka. Waliobaki, na waliokuja baadaye, wamekuja wakijua. Wengi ni vijana wa rika langu waliopata ajira ya kwanza, wanahesabu miezi hadi uhamisho. Kujifunza Kisomali? Anajifunza "xanuun", maumivu, na "halkee", wapi, basi anasonga.

Halafu kuna mahakama. Ukijaza P3 na kesi ikienda, unaweza kuitwa kutoa ushahidi. Kesi inaahirishwa. Unaitwa tena. Umeshahamishiwa Makueni na unatakiwa Garissa Alhamisi saa tatu asubuhi, na nauli hujui atalipa nani. Nimemsikia mmoja akisema kwenye rekodi, sauti imechoka kabisa: ukiandika "ameanguka" unalala nyumbani kwako. Nilirudisha mkanda mara tatu nihakikishe nimesikia sawa. Alikuwa anacheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

Na usidhani dawa ni kuajiri wenyeji tu. Tangu serikali za kaunti zianze 2013 wauguzi Wasomali wameongezeka, na chuo cha KMTC kiko hapa hapa Garissa. Lugha imepatikana. Ila sasa muuguzi anajua wewe ni binti ya nani. Anaweza kuwa wa ukoo wa mumeo. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa asiyefungua mdomo, na wewe bado huwezi kumwambia, kwa sababu jioni mtakutana kwenye harusi. Dada mmoja aliniambia anapenda daktari wa bara kwa sababu "hana mtu wa kumwambia". Mgeni asiyekuelewa, au mwenyeji anayekuelewa kupita kiasi. Chagua.

Mwaka jana jirani yetu mmoja alikuja mlangoni kwetu alfajiri, mkono wa kushoto ameufunga na shuka. Mama mkwe wake alikuwa nyuma yake. "Abaayo, twende, utatusemea," akaniambia jirani. Mama mkwe akasema mwenyewe anajua Kiswahili, hakuna haja. Jirani akarudia: twende. Nikavaa viatu.

Kasualti tulimkuta afisa wa kliniki wa kike, kijana, miezi minne tu tangu aje. Kila swali mama mkwe alilidaka kabla halijanifikia. Ameanguka. Bafuni. Jana usiku. Maji yalikuwa sakafuni. Afisa akaandika, akatutuma picha. Tuliporudi aliinua ile filamu dirishani, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu akamgeukia mama mkwe kwa adabu sana: mama, plasta hapa zimeisha, tafadhali vuka barabara ununulie kwa chemisti, roli mbili.

Mama mkwe akanung'unika, akaenda. Hilo halina ajabu, huku wagonjwa hununua hata glavu. Ila mlango ulipofungwa afisa alivuta droo, na droo ilikuwa na plasta.

Akanishika jicho. "Mwambie hivi, na usiongeze kitu. Mtu akianguka hutanguliza kiganja, na mkono huvunjika hapa." Akagusa kifundo chake. "Wake umevunjika hapa, katikati, mfupa wa upande wa kidole kidogo. Huu ni mkono uliokuwa umeinuliwa kukinga uso. Mwambie simuulizi ni nani. Namuuliza kama usiku wa leo ana pa kulala salama."

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Jirani yangu aliangalia sakafu, akaangalia mkono wake kama ni mara ya kwanza kuuona, akasema: "Mwambie nina pa kulala, kwa dadangu. Na mwambie sikuanguka."

Baadaye nilitafuta kujua kama yule afisa alibuni mwenyewe au alifundishwa. Nilipata vyote viwili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2013 kuhusu jinsi mhudumu anavyopaswa kumpokea mwanamke aliyepigwa au kubakwa, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha mkononi chenye hatua tano: sikiliza, uliza anachohitaji, mwonyeshe unamwamini, angalia usalama wake, muunganishe na msaada. Mwongozo wenyewe unasisitiza mwanamke aulizwe akiwa peke yake. Unasema pia mkalimani asiwe ndugu. Hausemi ndugu umtoe vipi chumbani. Hiyo ya plasta ni mtaala wa Garissa.

Kwa upande wa ubakaji, Kenya haina upungufu wa karatasi nzuri. Sheria ya Makosa ya Ngono ni ya 2006, ile iliyosukumwa bungeni na Njoki Ndung'u. Wizara ya Afya ina mwongozo wake tangu 2004, ukarekebishwa 2009 na 2014. Matibabu katika hospitali ya umma ni bure. Huhitaji kupita polisi kwanza: unatibiwa, mambo ya OB yatafuata. Kuna fomu ya PRC, inayojazwa hospitalini, nakala tatu, na moja ni yako. Nguo ulizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu unaharibu ushahidi. Na usioge, jambo ambalo ni gumu kuliko yote kumwambia mwanamke Mwislamu anayetaka kuswali.

Halafu kuna saa. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Ile P2 ya kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Sasa chukua ramani. Garissa hadi Dadaab ni kama kilomita 100. Hulugho ni mbali zaidi, na mvua ikinyesha barabara inageuka dimbwi. Saa 72 ni siku tatu. Kikao cha wazee peke yake kinaweza kula mbili.

Ndiyo, maslaha. Kila mtu wa nje akiandika juu yetu huandika maslaha, kwa hivyo nitapita haraka. Wazee wa pande mbili wanakaa, ngamia au pesa zinatajwa, wanaume wa ukoo wa msichana wanapokea, amani inabaki. Msichana hayuko kwenye kikao. Sheria ya 2006, kifungu cha 40, inasema uamuzi wa kusimamisha kesi ya ngono ni wa ofisi ya mashtaka, si wa mzee wala wa baba. Lakini mhudumu wa afya ndiye anayeuona mwisho wake: fomu iliyojazwa nusu, mgonjwa aliyesema "narudi kesho", na kesho haikuja. PEP ni vidonge vya siku 28. Akipelekwa kwa shangazi malishoni siku ya pili, nani anamfuata?

Kuna takwimu moja inanikera. Utafiti wa KDHS wa 2014 uliuliza wanawake wa Kenya nzima kama wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Mkoa uliokuwa chini kabisa ni Kaskazini Mashariki, sisi. Kuna mzee alinitajia hilo kwa fahari, kwamba hatupigi wake zetu kama watu wa bara. Mzee, naheshimu. Lakini utafiti huo huo, mwaka huo huo, ulionyesha asilimia 98 ya wanawake wa mkoa huu wametahiriwa. Kitabu kimoja, kurasa tofauti. Kwenye ukurasa mmoja hatuguswi, kwenye mwingine tumekatwa karibu sote. Inategemea tu ni kipi umefundishwa kukiita ukatili.

Na hapo pia mhudumu yumo katikati. Mkunga anampokea mama aliyeshonwa tangu utotoni, anamfungua ili mtoto apite. Mtoto akishatoka, sauti inakuja kutoka upande wa kitanda: mrudishe alivyokuwa. Wakati mwingine ni mume nje ya pazia, wakati mwingine ni mama mzazi, na wakati mwingine ni mwenyewe, maana ndiyo sura pekee ya mwili wake anayoijua. Sheria ya 2011 inampa anayekata kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, awe ngariba au muuguzi. Kuna daktari, Tatu Kamau, aliyekwenda mahakamani 2017 akitaka sheria hiyo ifutwe, akisema mwanamke mzima ajiamulie. Mahakama Kuu ilimkatalia Machi 2021. Mimi sina hamu ya mjadala huo. Namfikiria mkunga wa zamu ya usiku, peke yake, na wanawake wanne wa ukoo mzima wakimsubiri ashike sindano.

Kama unataka kuona ni wapi mkoa huu ulianza kujifunza, nenda Dadaab ya miaka ya tisini. Wakimbizi walifurika kutoka Somalia 1991, kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa, na wanawake wakawa wanatembea kichakani kutafuta kuni. Huko walisubiriwa. Ripoti ya Africa Watch ya Oktoba 1993 ilitaja majambazi, na pia baadhi ya askari wa Kenya. Mwaka huo huo Fowzia Musse, Msomali, aliwaandikia UNHCR ripoti juu ya wanawake hao. Hilo la "Msomali" ndilo ninalolitilia mkazo. Hakuhitaji mtu wa tatu.

UNHCR ikaanzisha mradi: matibabu, ushauri, na ua wa miiba kuzunguka kambi. Baadaye, 1998, wakaanza kugawa kuni. Tathmini iliyofanywa miaka michache mbele ilikuta kwamba kuni zikigawiwa, ubakaji wa kichakani hupungua, lakini wa sehemu nyingine, majumbani na njiani, huongezeka. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Tatizo halikuwa kuni. Na siku hizi kambini mashirika kama IRC na CARE yamewafunza wakimbizi wenyewe kuwapokea wenzao na kuwafikisha kliniki. Wana lugha. Wanaishi pia mtaa mmoja na wanaume wanaotajwa, na jioni wanarudi huko kulala.

Nilikuwa nimefika kwenye droo ya plasta.

Mama mkwe bado hajarudi. Afisa anafunga mkono wa jirani yangu, plasta inatoa moshi mwembamba ikishika, na mbele yake kuna kitabu. Kama hujawahi kutibiwa hospitali ya umma huku: unanunua daftari la shule, la karatasi 32, daktari anaandika humo, unarudi nalo nyumbani. Hiyo ndiyo rekodi yako. Afisa akashika kalamu, akasimama. "Nyumbani nani anasoma?"

Jirani akajibu kabla sijamaliza kutafsiri. "Mume wangu. Amefika fomu foo."

Kwa hivyo akiandika ukweli, ukweli unaenda kulala nyumba moja na aliyeupiga mkono. Akiandika uongo, siku jirani yangu akitaka P3, kitabu chake mwenyewe kitasema alianguka, na wakili atakisoma kwa sauti. Hii sijaiona kwenye bango lolote. Walijadiliana, mimi nikiwa katikati kama waya wa simu. Nani ataona rejista ya hospitali? Wafanyakazi tu. Inakaa hapa? Inakaa. Polisi wakija kuiomba? Ipo.

Akaandika rejista kwanza, mistari mingi, na akanisomea ili nimsomee: amepigwa, kifaa ni mti, aliyepiga ni mtu wa nyumbani, mgonjwa ameeleza akiwa peke yake. Kwenye daftari akaandika: kuvunjika mkono wa kushoto, plasta, wiki sita. Chini, pembeni, tarehe na namba ya rejista. Namba tu. Akamwambia pia kuhusu 1195, ile laini ya bure, na jirani akaikariri kwa Kisomali kama bei ya sukari.

Mama mkwe akaingia na roli zake mbili, akihema, akaona mkono umeshafungwa. "Nilipata kipande cha zamani," afisa akasema. "Pole mama. Hizo nitamwekea mgonjwa mwingine." Mama mkwe akataka pesa yake irudi. Ilikuwa haki yake, na afisa alimlipa kutoka mfukoni.

Jirani alikaa kwa dadake siku tisa, akarudi kwake. Usiniulize kwa nini. Ana watoto wanne na mbuzi. Daftari aliniachia mimi, akamwambia mumewe limepotea, na lilikaa kwenye droo yangu chini ya earphone za kazi.

Wiki ya sita tulirudi kutoa plasta, mimi na yeye tu. Yule afisa alikuwa ameshahamishwa. Aliyekuwepo ni kijana mpya, mchangamfu, akafungua daftari, akasoma mstari mmoja, akauliza mkono uliumia vipi. Nikafungua mdomo nitafsiri. Jirani akanigusa goti ninyamaze, akaweka kidole kwenye ile namba ya pembeni.

"Angalia kitabu yenu," akamwambia, kwa Kiswahili. "Kubwa. Iko hapa."

Kijana akasema rejista za mwezi ule zimeshapelekwa stoo. Jirani akajibu kwamba atangoja. Akavuta benchi, akaketi, mkono wake mweupe mapajani, na yule kijana, baada ya kututazama sote wawili, akaenda kutafuta ufunguo.